Pikapu ya Umeme Isipoamka: Anza na Betri Ndogo

Mwenye pikapu ya umeme akibonyeza kitufe na kukuta dashibodi imekaa kimya, wazo lake la kwanza huwa ni betri kubwa iliyo chini ya sakafu, ambayo kwa Ford F-150 Lightning ya masafa marefu ina kilowati-saa 131, na bei yake huogopesha hata kuiuliza. Mara nyingi betri hiyo haina kosa lolote. Iliyokufa ni betri ndogo ya volti 12, ya aina ile ile iliyo kwenye gari la petroli, ambayo huendesha kompyuta, vitasa vya milango na zile swichi kubwa zinazounganisha betri kuu na gari. Ikiisha, swichi haziungani, na umeme wote wa betri kuu hubaki humo humo usiweze kukusaidia.

Nililijua hilo hapa Minnesota, jimbo la baridi kali Marekani, mwezi wa Januari, niliporudi kutoka Tanzania baada ya wiki tatu. Nilikuwa nimefunga kamera ndogo ya ulinzi iliyovuta ampea 0.12 tu, kiasi ambacho sikukijali, lakini ukizidisha 0.12 kwa saa 504 za wiki tatu unapata ampea-saa 60, yaani betri nzima. Kosa, hata hivyo, halikuwa kamera yenyewe. Lilikuwa mahali nilipofunga waya wake hasi, kama nitakavyoeleza katika hatua ya nne.

Hatua ya kwanza ni kuingia ndani ya gari. Vitasa vya umeme vikigoma, tafuta ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti. Buti la mbele ni mtihani mwingine, kwa kuwa magari mengi hulifungua kwa umeme, na betri yenyewe imo humo humo. Baadhi ya watengenezaji wameweka nyaya mbili fupi nyuma ya kifuniko kidogo cha bampa, ili ukizipa volti 12 kutoka nje, kufuli liachie. Soma kitabu cha gari lako kuhusu jambo hili leo, kabla hujalihitaji usiku kwenye theluji.

Hatua ya pili ni kupima. Weka multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, kwenye ncha za betri: volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa, 12.2 imebaki kama nusu, na chini ya 11.8 imekwisha. Usiguse nyaya za rangi ya machungwa kwa sababu yoyote ile, kwani hizo ni za betri kuu na zinaua.

Hatua ya tatu ni kuibusti, yaani kuipa umeme wa kuanzia kutoka nje, kwa kifaa cha mkononi, ukifuata sehemu zilizoonyeshwa kitabuni, kisha kuliwasha gari na kupima tena. Ukisoma kati ya volti 13.5 na 15 hivi, kigeuzi kinachoshusha umeme wa betri kuu ili kuchaji ile ndogo kinafanya kazi. Ukiendelea kusoma 12 na kushuka, ishia hapo na umwite fundi mwenye mafunzo ya magari ya umeme, maana kazi inayobaki si ya uani.

Hatua ya nne ndiyo wengi huiruka. Kwenye ncha hasi ya betri utaona kidude cheusi chenye waya mwembamba. Hicho ni kihisio kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka. Ukifunga waya hasi wa taa au kamera moja kwa moja kwenye ncha, umeme wake hupita nje ya hesabu, na kompyuta hudhani betri bado ina chaji, hivyo haioni haja ya kuliamsha gari liichaji. Ndivyo nilivyofanya mimi. Hamishia waya huo kwenye chasisi: kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga kwa bolti, kisha paka grisi kuzuia kutu. Waya chanya nao uwe na fyuzi karibu kabisa na betri, ili ukichubuka popote njiani usiwashe moto.

Hatua ya tano ni kupima kinachovutwa gari likiwa limelala. Funga milango, peleka rimoti mbali, subiri saa moja hivi, kisha zungushia multimita ya kubana, ile inayoukumbatia waya bila kuukata, kwenye waya hasi, ukihakikisha inapima umeme wa mkondo mmoja (DC). Ukisimama karibu ukiwa na rimoti mfukoni, gari halilali, na utamlaumu asiyehusika.

Hatua hizi hazilihusu Tesla Cybertruck, ambalo mfumo wake wa vifaa vidogo ni wa volti 48.

Maswali ya wanachama

*Kaka, nikiweka betri ndogo ya lithiamu si nitamaliza tatizo?*
Huku kwetu sikushauri. Lithiamu ya kawaida haipaswi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri, na gari lililoundwa kwa betri ya risasi, ile ya kawaida, huichaji kwa vipimo vya risasi.

*Jirani yangu gari lake la petroli limezima. Je, nimbusti kwa pikapu yangu?*
Vitabu vingi vya magari ya umeme vinakataza, dada yangu, kwa kuwa stata, mota inayoamsha injini ya petroli, huvuta mamia ya ampea kwa mpigo. Ikiwa gari lako lina soketi za nyumbani kwenye bodi la nyuma, kama Lightning, chomeka humo chaja ya kawaida na uichaji betri yake taratibu wakati mnakunywa chai.

*Nikisafiri, si afadhali nichomoe tu waya hasi?*
Unaweza ukajifungia nje, mwenzangu: ukishalifunga buti la mbele, hakuna umeme wa kulifungua. Chomoa fyuzi ya kamera, liache gari kama lilivyotoka kiwandani.