Somo: Kupima kwa Maikromita Chini ya Hadubini

Maikromita ni milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Alama yake ni µm, na wapo wazoefu wa maabara ambao bado huiita maikroni, jina lililoondolewa rasmi mwaka 1967. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 hadi 8 hivi.

Ndani ya lenzi ya juu, ile tunayochungulia, huwekwa kioo kidogo chenye mstari uliogawanywa nafasi 100. Naomba kila msomaji ashike jambo hili: nafasi hizo si maikromita, wala hazina thamani yoyote mpaka zilinganishwe na kipimo cha kweli.

Hatua ya kwanza, weka kwenye hadubini slaidi ya kipimo, ambayo milimita yake moja imegawanywa sehemu 100, kila sehemu ikiwa maikromita 10.

Hatua ya pili, zungusha lenzi ya juu hadi mistari ya vipimo hivyo viwili ilale sambamba, kisha sogeza slaidi polepole mpaka sifuri zikutane.

Hatua ya tatu ndiyo inayotaka subira. Tafuta mbali kadiri uwezavyo mahali pengine ambapo kistari cha juu kimeangukia barabara juu ya kistari cha slaidi, bila kukisia. Ikiwa kwenye lenzi ya 40, yaani ile ya chini inayokuza mara 40, nafasi 100 za juu zimelingana na sehemu 25 za slaidi, hizo ni maikromita 250, kwa hiyo kila nafasi ni maikromita 2.5. Andika thamani hiyo, uibandike kwenye hadubini, kisha urudie kwa kila lenzi.

Sasa weka sampuli. Yai la mnyoo wa safura likichukua nafasi 24, urefu wake ni maikromita 60.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikihamia hadubini nyingine, je, thamani ni ileile?*
Hapana, ndugu yangu. Pima upya, hata kama hadubini hizo zinafanana.

*Hatuna slaidi ya kipimo. Je, naweza kulinganisha na chembe nyekundu?*
Kwa makadirio tu, na kwa damu ya mtu mwenye afya. Mgonjwa aliyepungukiwa madini ya chuma huwa na chembe ndogo kuliko kawaida, na ukizitumia kama rula, kila utakachopima kitaonekana kikubwa kuliko kilivyo.