Mwongozo wa Mwalimu: Namna ya Kuchunguza Kazi Inayoshukiwa Kunakiliwa Mtandaoni

Usianze na programu. Anza na maandishi ya mwanafunzi mwenyewe: chukua kazi mbili tatu alizoziandika darasani mbele yako, uziweke kando ya ile unayoishuku. Mlinganishe na yeye mwenyewe, wala si na mwanafunzi bora wa darasa. Aliyezoea kuandika sentensi za maneno manane, leo akaleta za mistari mitatu zisizo na kosa hata la mkato, ana maswali ya kujibu. Hatia bado hana.

Soma ukitafuta viraka. Fonti inabadilika katikati ya aya, maandishi yana kivuli cha kijivu nyuma yake, tarakimu za mabano ya mraba kutoka Wikipedia zimesahauliwa, insha ya kilimo cha Mbeya inatoa mifano ya theluji na dola. Kwenye kazi za Kiswahili, dalili kubwa ni tafsiri ya mashine: upatanisho wa ngeli unayumba na istilahi za somo zinapotea. Mwanafunzi wa uraia aliyefundishwa "mgawanyo wa madaraka" akiandika "kujitenga kwa nguvu", yaelekea ameitumbukiza aya ya Kiingereza kwenye kitafsiri. Irudishe aya hiyo katika Kiingereza, kisha utafute sentensi zake mtandaoni.

Kwa kazi za Kiingereza kuna programu za kubadili maneno, ambazo huweka visawe bila kujua istilahi. Mwaka 2021 mtafiti Guillaume Cabanac na wenzake wawili walifichua makala za kisayansi ambamo "artificial intelligence" imegeuka "counterfeit consciousness", na "big data" imekuwa "colossal information". Ukikuta istilahi iliyopotoka namna hii, irudishe ya kawaida kwanza, ndipo utafute.

Utafutaji wenyewe una ufundi wake. Usichague sentensi ya kwanza ya aya, kwa kuwa hiyo ndiyo mwanafunzi huibadilisha. Ingia katikati, chukua maneno manane hadi kumi yanayofuatana, yawemo angalau moja lisilo la kawaida, uyafunge kwa alama za kunukuu. Fasili ambayo kila kitabu kinaiandika vilevile haifai. Rudia kwa sentensi tatu za kurasa tofauti. Zikikosekana zote, ondoa alama za kunukuu ujaribu tena.

Faili lenyewe linasema nini

Faili la Word huonyesha, kwenye sehemu ya taarifa zake, jina la mwandishi, tarehe ya kuundwa na jumla ya muda wa kuhariri. Insha ya maneno 2,000 yenye dakika sita za kuhariri imebandikwa kutoka mahali. Mahali gani? Hapo ndipo walimu wengi hukosea. Wanafunzi wetu wengi huandika kwa mkono kisha wakapeleka steshenari kuchapiwa, kwa hiyo jina litakuwa la mwenye kompyuta. Wengine huandika kwenye simu, wakajitumia kwa WhatsApp na kubandika mwishoni. Omba daftari au ujumbe huo kabla hujahukumu.

Ushahidi ulio bora zaidi ni historia ya matoleo ya Google Docs. Waagize waanze kazi humo tangu siku ya kwanza na wakupe ruhusa ya kuhariri. Ukipewa ruhusa ya kutazama tu, historia huioni. Kazi halali hukua kwa vipande: sentensi inafutwa, aya inahamishwa, mfano unaongezwa usiku. Iliyobandikwa hutokea yote kwa mkupuo.

Turnitin na asilimia zake

Turnitin ni programu inayolinganisha kazi na hazina yake ya maandishi. Asilimia yake hupima mfanano wa maandishi. Haipimi wizi. Kazi yenye asilimia 30 inaweza kuwa safi ikiwa mfanano umetokana na nukuu na orodha ya marejeo. Yenye asilimia 8 inaweza kubeba aya nzima ya mtu mwingine. Ondoa kwanza marejeo, nukuu na mifanano midogo ya chini ya maneno manane, kisha usome kilichobaki kimoja kimoja. Rasimu ziwekee mpangilio wa kutohifadhiwa kwenye hazina, la sivyo kazi ya mwisho itafanana na rasimu yake yenyewe na mwanafunzi ataonekana kaiba.

Hadhari pia na asilimia sifuri kwenye kazi iliyojaa nukuu. Wapo wanaopachika herufi za Kirusi, kama "а" inayofanana kabisa na yetu, ili programu isilitambue neno. Fungua faili, tumia kitufe cha kutafuta, andika neno unaloliona kwa macho: likikataa kupatikana, umeshapata jibu. Teua pia maandishi yote na kuyafanya meusi. Herufi nyeupe zilizofichwa zitajitokeza.

Akili mnemba

Hapa tunasema bila kuficha: usimwadhibu mwanafunzi kwa sababu tu kigunduzi kimesema kazi imeandikwa na ChatGPT. OpenAI, waliotengeneza ChatGPT yenyewe, walitoa kigunduzi chao Januari 2023. Kwa majaribio yao wenyewe kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kiliyasingizia maandishi ya binadamu kwa asilimia 9. Walikiondoa Julai mwaka huohuo. Mwaka 2023 pia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vigunduzi saba kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, asilimia 61 ziliitwa za mashine. Sababu ni kwamba vigunduzi hivyo hupima jinsi maneno yanavyotabirika, na anayeandika kwa lugha ya kujifunza hutumia maneno ya kawaida kwa mpangilio wa kawaida. Mwanafunzi wa Songea au Kitui yumo katika kundi hilo.

Badala yake kagua marejeo. Mashine hubuni vitabu na makala. Chukua rejeo moja moja, tafuta kichwa chake kwenye Google Scholar, kitafutio cha maandiko ya kitaaluma, bandika namba ya DOI, yaani namba ya utambulisho wa makala, kwenye doi.org, linganisha jina, mwaka na kurasa. Marejeo matatu yasiyopatikana popote yana uzito kuliko asilimia ya kigunduzi chochote.

Mazungumzo

Mwite faragha, awepo mwalimu wa pili, na ufanye hivyo ndani ya siku chache kabla hajasahau hata alichokiandika kwa haki. Usitamke neno wizi. "Hebu nieleze, hii kazi uliifanyaje?" inatosha kuanzia. Kisha onyesha sentensi aieleze, uliza kwa nini alichagua chanzo fulani, uliza alichokiacha. Kama kazi ni ya Kiingereza, mruhusu ajibu kwa Kiswahili: unapima kama anaielewa mada, ufasaha wa ulimi ni jambo lingine. Kisha chukua aya ya maneno 100 ya kazi yake, futa kila neno la tano, umpe ajaze nafasi hizo 20. Mwenye kazi yake hujaza nyingi bila shida, ingawa jaribio hili peke yake halitoshi kumtia hatiani.

Ukiwa na ushahidi wa aina mbili unaokubaliana, kwa mfano chanzo kilichopatikana na maelezo yaliyomshinda, fuata kanuni za shule na uhifadhi nakala. Ukiwa na shaka tu, sahihisha kazi kama ilivyo.

Zoezi linalofuata lipange upya. Bei za nyanya katika soko la jirani kwa Jumamosi tatu, au mahojiano na fundi wa mtaani, ni data ambazo mtandao hauna. Kuagiza kazi ya mkono peke yake hakusaidii. Wanainakili kutoka kwenye skrini. Toa asilimia 20 ya alama kwa muhtasari unaoandikwa darasani kwa dakika 20. Kwa mkondo wa wanafunzi 80, tangaza mapema kwamba watano watachaguliwa kwa bahati nasibu kuieleza kazi yao kwa mdomo, na kura ipigwe mbele ya darasa zima siku ya kukusanya.