Maoni ya mipaka ya wadi: ninavyoandika hapa Siyu, Lamu

Ukiandika ombi la mipaka ya wadi, usianze na "sisi tumesahaulika". Kila kijiji husema hivyo. Fungua Kifungu cha 89 cha Katiba ya Kenya ya 2010: mbali na idadi ya watu, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka hutazama jiografia, njia za mawasiliano, na uhusiano wa kihistoria, kiuchumi na kitamaduni. Hapo ndipo pa kushika.

Mimi huenda barazani baada ya alasiri, nikawauliza wazee: maiti wenu mnazika wapi, bibi harusi mnamtoa wapi, samaki mnauza kwa nani? Kisha nachora ramani, mikoko na mikondo ikiwemo, nikiandika pembeni saa ambazo maji yamekupwa na mashua haipiti. Kisiwani Pate hilo lashinda kilomita. Safari ya kwanza niliandika kilomita peke yake, karani akaniuliza, "Mzee, mbona ni karibu tu?" Nikabaki kukuna kichwa.

Saini ziwe na za wageni waliohamia pia, la sivyo ombi litanuka ukabila.

Mipaka ikishachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, una siku 30 tu za kwenda Mahakama Kuu.