Jinsi ya kutumia neno "faulty" bila kubabaika

Chaja inachaji leo, kesho inagoma. Ukiutikisa waya, inarudi. Kwa Kiswahili tunasema inazingua na kila mtu anaelewa. Kwa Kiingereza wengi hukimbilia "spoilt". Neno linalofaa hapo ni "faulty".

Hatua ya 1: Litamke. Sema "foolti", mkazo mwanzoni. Herufi l isikike.

Hatua ya 2: Pima hali ya kitu. Hapa ndipo penye kazi. "Faulty" ni kitu chenye hitilafu, hata kama bado kinafanya kazi kwa kusuasua. Breki zinazokamata mara moja moja ni "faulty brakes". Nyumba ikiungua kwa hitilafu ya nyaya za umeme, magazeti ya Kiingereza huandika "faulty wiring". Kioo cha simu kilichopasuka baada ya kuanguka ni "broken". Lifti au choo cha umma kilichosimama kwa sasa hubandikwa "out of order".

Na "spoilt"? Kiswahili chetu hakibagui: maziwa yameharibika, redio imeharibika. Kiingereza sanifu cha Uingereza huliacha neno hilo hasa kwa chakula na kwa mtoto aliyedekezwa. Dar au Nairobi ukisema "my phone is spoilt" fundi anakuelewa vizuri tu, ila kwenye barua rasmi liepuke.

Hatua ya 3: Liweke mahali pake. Sisi tunasema swichi mbovu, gari bovu, kitasa kibovu. "Faulty" halina ngeli wala wingi: "a faulty switch", "two faulty switches". Hutangulia jina, au hufuata kitenzi: "The switch is faulty."

Hatua ya 4: Usimpachike mtu. Dereva aliyesababisha ajali si "faulty". Yeye ni "at fault".

Hatua ya 5: Andika malalamiko. Neno peke yake halimsaidii muuzaji, kwa hiyo taja na dalili:

"The charger I bought on Saturday is faulty. It gets very hot and stops charging after a few minutes. I would like to exchange it."

Sasa badilisha chaja iwe pasi au feni, na dalili zake. Kama unataka hela yako badala ya kubadilishiwa, malizia hivi: "I would like a refund."