Somo: Brokoli, kabichi na sukuma wiki kwa ajili ya tezi dume, kata kwanza, subiri, ndipo upike

Swali la "nile mboga gani nisipate saratani ya tezi dume" limejibiwa humu mpaka vidole vinauma. Naliweka hapa mara moja. Tuelewane kwanza: hii ni mboga, si chanjo. Utafiti wa Seattle, Marekani, wa mwaka 2000 ulikuta wanaume waliokula jamii ya kabichi mara 3 au zaidi kwa wiki wana hatari pungufu kwa asilimia 41 kuliko waliokula chini ya mara 1. Mwaka 2004 utafiti mkubwa wa EPIC, Ulaya, haukuona uhusiano wowote. Kwa hiyo anayekuuzia "tiba ya brokoli", mkimbie.

1. Chagua brokoli iliyobana, isiyoanza njano.

2. Osha ikiwa nzima. Ukiosha baada ya kukata, unachokitafuta kinaondoka na maji.

3. Kata vipande vidogo, acha kwenye ubao dakika 40. Hapa ndipo wengi tunaharibu, mimi nikiwemo: nilikuwa nakata na kutia sufuriani papo hapo. Ndani ya mboga kuna glukosinolati, yaani kemikali ya malighafi, na mbali nayo, katika seli nyingine, kuna kimeng'enya kiitwacho mairosinasi. Vinakutana kisu kinapopita, au mdudu anapotafuna. Vikikutana katika brokoli huzaliwa salforafani, kemikali inayochunguzwa kama kinga ya saratani, na ndiyo tunayoitafuta. Katika kabichi na sukuma wiki hutoka zaidi indoli, kemikali nyingine za namna hiyo. Moto huua kimeng'enya upesi, ilhali salforafani ikishaumbika huvumilia zaidi. Ukikata na kupika hapo hapo, umemuua fundi kabla hajaanza kazi. Angalizo: usikate asubuhi upike jioni, na usitie magadi, yanalainisha mboga ovyo na kuharibu vitamini C.

4. Pika kwa mvuke dakika 3 hadi 4, isizidi 5. Chujio la chuma juu ya sufuria yenye maji kidogo na mfuniko vinatosha. Rangi ikikolea kijani na shina bado likigoma kidogo kwenye jino, epua.

5. Umechemsha tayari? Epua, ipoe kidogo, nyunyiza haradali iliyosagwa mbichi, kama gramu 1 (nusu kijiko cha chai) kwa gramu 200 za mboga. Haradali ina mairosinasi yake. Usiikaange.

Kiasi: majaribio ya Norwich, Uingereza, yalitumia gramu 400 za brokoli kwa wiki.

Maswali

*Kijana wa Tandale:* Kwa hiyo nichemshe dakika ngapi?
— Hatua ya 4. Na si kuchemsha.

*Mama Saidi:* Bibi zetu walichemsha kabichi mpaka ikalala na hawakuugua. Mbona mnatutisha?
— Sijamtisha mtu, mama. Kabichi iliyolala ni chakula bado, na bakteria wa utumbo hubadilisha sehemu ya glukosinolati, ila kidogo. Ukichemsha, usimwage mchuzi. Nyingi imeingia humo.

*Mkulima Lushoto:* Brokoli ya kugandishwa inafaa? Na kwa nini haradali isaidie mboga ya aina nyingine?
— Maswali mazuri, mkuu. Ya kugandishwa hupitishwa kwanza kwenye maji moto kiwandani, kimeng'enya kinakufa, lakini malighafi, yaani glukorafanini (glukosinolati ya brokoli), inabaki. Inakosa fundi tu. Kimeng'enya cha haradali hakichagui: kikiikuta glukorafanini kinaikata. Katika jaribio moja, waliokula gramu 200 za brokoli iliyopikwa na gramu 1 ya haradali walifyonza salforafani zaidi ya mara 4 ya waliokula bila. Figili mbichi iliyokunwa pembeni nayo inasaidia.

*Asiyejulikana 7:* Baba ana PSA 14 (kipimo cha damu cha tezi dume). Nimpe brokoli mara ngapi kwa siku?
— Usimtibu kwa brokoli. Mpeleke kwa daktari wa mfumo wa mkojo wiki hii. PSA hupanda pia kwa maambukizi au tezi kuvimba tu, ila hilo linaamuliwa kwa vipimo, si jikoni.

*Mhasibu:* Nanunua sukuma iliyokatwa tayari kwa mama mboga, kuna shida?
— Imekatwa saa ngapi? Mwambie akukatie ukiwa umesimama pale, ikiwa imeoshwa. Ukifika nyumbani dakika 40 zinakuwa zimeisha.

*Nesi Tanga:* Ongezeni hili: anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) asianze ghafla kula sukuma wiki nyingi, vitamini K inapunguza nguvu ya dawa. Ale kiasi kilekile kila wiki na amwambie daktari.
— Asante dada. Naongeza juu.

*Mkulima Lushoto:* Na chipukizi za brokoli?
— Za siku 3 zinaweza kubeba glukorafanini mara 10 hadi 100 ya brokoli iliyokomaa. Waliolionyesha hilo ni watu wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, mwaka 1997. Tatizo ni bakteria, zinaoteshwa kwenye joto na unyevu. Suuza mara 2 au 3 kwa siku, na zikinuka, tupa zote. Wenye kinga dhaifu wasile mbichi.

*Kijana wa Tandale:* Shina la brokoli linatupwa?
— Menya ganda gumu la nje, kata vipande vyembamba, changanya na vingine. Ni tamu kuliko maua.