Somo: Kukodi boti na kwenda kuvua samaki wakubwa kwenye kina kirefu

Nimetoka baharini mara nyingi kama mgeni, na kwa misimu michache nikawa msaidizi wa nahodha, kazi yangu kuandaa chambo na kuwasaidia wageni. Nilichokiona ni kwamba safari hizi huharibikia nchi kavu. Mtu analipa bila kujua anacholipia, halali usiku, hamuulizi nahodha kitu, halafu lawama zote anaitupia bahari. Kwa hiyo nusu ya somo hili ni ya kabla ya kufungua kamba.

Hatua ya 1: Jua unachokodi

Unaweza kukodi boti nzima pamoja na nahodha wake, au kununua nafasi moja kwenye boti ya kugawana na watu msiojuana. Ya kugawana ni nafuu, lakini samaki akishika mnapokezana zamu.

Kinachowapoteza wengi ni saa. Samaki wanaosafiri kwenye maji wazi, kama jodari, fulusi, sulisuli na nduaro, hupenda kuwinda pale sakafu ya bahari inapoporomoka ghafla, kwa sababu mkondo ukigonga ukingo ule huinua maji yenye lishe na dagaa hujikusanya. Ukingo huo ukiwa mwendo wa saa mbili kutoka gatini, basi safari ya saa tano inakuachia saa moja tu ya kuvua. Uliza: "Ni muda gani mpaka ndoana ziingie majini?" Jibu hilo ndilo litakalokuambia uchukue nusu siku au siku nzima.

Hatua ya 2: Mhoji nahodha kabla ya kutoa arbuni

Hali ya hewa ikichafuka, pesa inarudi au safari inasogezwa? Samaki ni wa nani? Kuna boti ambazo samaki ni mali ya boti na mgeni hupewa kipande, na ugomvi wa gatini huanzia hapo. Kibali cha kuvua kimo kwenye bei? Barafu ipo? Boti ina redio ya VHF (ya mawasiliano ya baharini) inayofanya kazi, kifaa cha kutuma ishara ya dharura kwa setilaiti, na jaketi la kuokolea kwa kila kichwa?

Hili la jaketi lihesabu mwenyewe kwa macho. Niliwahi kupanda boti tukiwa watu saba, jaketi tano. Nilishuka, arbuni ikapotea, na leo ningeshuka tena.

Hatua ya 3: Tumbo

Kichefuchefu cha baharini hakichagui shujaa. Sikio la ndani linahisi boti inayumba, jicho linaona kuta za chumba zimetulia, ubongo unavurugika. Vidonge vya kukizuia humezwa kabla. Ukishaanza kutapika, havikai tumboni. Mwulize mfamasia mapema, hasa kama una ugonjwa au unatumia dawa nyingine, kwa kuwa vingi vya vidonge hivi vinaleta usingizi. Vijaribu siku nyingine ukiwa nyumbani.

Usiku wa kuamkia safari lala, na pombe iache. Asubuhi kula kidogo, kitu kikavu kisicho na mafuta. Mkiwa majini kaa katikati ya boti au kuelekea tezi, yaani nyuma, ambako mrusho ni mdogo, lakini ukwepe moshi wa injini. Tazama upeo wa macho. Simu iweke mfukoni.

Hatua ya 4: Vya kubeba

Kofia yenye kamba, shati la mikono mirefu, miwani inayokata mng'ao wa maji, mafuta ya kuzuia jua, viatu visivyoteleza, maji mengi. Vifaa vya kuvulia viache, boti inavyo.

Hatua ya 5: Kurambaza, na samaki anaposhika

Mara nyingi mtarambaza, yaani boti inaburuta mishipi kadhaa yenye chambo bandia, kwa mwendo wa kilomita 11 hadi 16 kwa saa. Huenda saa tatu zikapita kimya. Usilale: tazama ndege wanaopiga mbizi, magogo yanayoelea, msitari ambapo rangi mbili za maji zinakutana. Ukiona kitu, mwambie nahodha.

Kisha rili, gurudumu linalokunja mshipi kwenye rodi (fimbo ya kuvulia), inalia. Sikiliza msaidizi, yeye ndiye atakayekukabidhi rodi. Kama ndoana ni za duara, usivute kwa kishindo. Acha mshipi ukaze taratibu, ndoana ijigeuze yenyewe na kunasa pembeni mwa mdomo.

Sasa kosa ambalo nimeona likipoteza samaki kuliko mengine yote: kukaza breki ya rili samaki anapokimbia. Breki hutegwa mapema, kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi unaokatika kwa kilo 24 unategwa kilo 6 hadi 8. Mshipi unapoisha kwenye rili, uzito anaouvuta samaki unazidi wenyewe bila wewe kugusa kitu, na ukikaza tena unakatika. Mwache akimbie. Akisimama, inua rodi polepole, kisha ishushe huku unazungusha. Inua, shusha ukizungusha. Kazi ni ya miguu na mgongo ulionyooka. Na kamwe usijifunge mshipi mkononi, hata kwa sekunde moja.

Mkitaka samaki atambuliwe na IGFA, chama cha kimataifa cha wavuvi wa michezo kilichoanzishwa mwaka 1939, hapo msaidizi asikukabidhi rodi: ichukue mwenyewe, na mtu mwingine asiiguse tangu samaki aliposhika. Nduaro mweusi wa rekodi, kilo 707.6, alivuliwa na Alfred Glassell Mdogo huko Cabo Blanco, Peru, mwaka 1953, na bado hajapitwa.

Hatua ya 6: Kumwachia au kumchukua

Amueni kabla hajafika ubavuni. Wa kuachiwa abaki majini, boti itembee polepole mbele ili maji yapite kwenye mashavu yake mpaka apate nguvu. Mimi sulisuli na nduaro nawaachia wote. Wa kula atolewe damu na azamishwe mara moja kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari. Jodari na fulusi wakikaa juani hutengeneza histamini, sumu ambayo hata kupika hakuiondoi.

Maswali ya wasomaji

Swali: Kaka, mimi sijui kuogelea. Niache tu?
Jibu: Usiache, dada yangu. Vaa jaketi tangu gatini mpaka mrudi, na mwambie nahodha wazi. Nahodha akikucheka, tafuta mwingine.

Swali: Tulirudi mikono mitupu. Si haki turudishiwe pesa?
Jibu: Pole sana, ndugu. Ulilipia boti, mafuta na ujuzi wa watu; samaki hakuna awezaye kumwahidi. Ila kama mlirudishwa kabla ya muda mliopatana, hapo dai.

Swali: Nina mwili mdogo, nitamweza jodari mkubwa?
Jibu: Utamweza. Omba mkanda wa kiunoni wenye kikombe cha kuegemezea kitako cha rodi, uvae kabla rili haijalia.

Swali: Mwanangu ana miaka 9, anaomba sana kuja.
Jibu: Anza naye nusu siku, bahari ikiwa shwari, karibu na ufuko. Kabla ya kulipa, kubaliana na nahodha kwamba akiugua mtageuza.