Dar mpaka Guangzhou ni kilomita ngapi, na unakaa hewani masaa mangapi? Piga hesabu mwenyewe

Wadau wa Kariakoo wanaoenda China mara ya kwanza wengi wanashtuka wakiona tiketi. Mfano imeandikwa unatoka DAR 23:00 unafika CAN (ndo Guangzhou) 14:45 halafu pembeni kuna +1, mtu anahesabu anapata karibu masaa 16 anaanza kusema hii ndege gani inatambaa hivi. Hapana aisee. Saa ya kuondoka ni ya Dar, saa ya kufika ni ya kule kule, na wenzetu wako mbele masaa 5. Kwahiyo unaondoka saa tano usiku, unatua kesho yake (ndo hiyo +1) saa tisa kasorobo mchana kwa saa zao, toa 5, unabaki na masaa 10 na dakika 45. Kurudi unageuza: umeondoka kule 16:00 ukatua Dar 22:30, inaonekana kama masaa sita na nusu tu, ongeza 5 unapata 11 na nusu. Kurudi huwa kunachukua muda zaidi maana upepo wa huko juu mara nyingi unatoka magharibi, ukienda unakusukuma, ukirudi mnapambana nao.

Umbali sasa. Usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani, dunia ni duara, itakudanganya. Ingia gcmap.com andika DAR-CAN, itakupa kama km 8,700 (ikikuletea maili zidisha kwa 1.6). Gawa kwa 850, huo ni mwendo wa wastani wa ndege kubwa, unapata 10.2, weka nusu saa ya kuruka na kutua, basi.

Huna bando? Kwa miji iliyokaa mstari mmoja kaskazini na kusini unaweza kupiga kichwani. Dar iko nyuzi kama 7 kusini ya ikweta, Addis Ababa nyuzi 9 kaskazini, jumla 16, kila nyuzi ni kama km 111, unapata kwenye 1,770 hivi na ukweli hauko mbali na hapo.

Kama unaunganisha ndege, kupitia Dubai ni kama 4,000 halafu 5,800, kupitia Addis ni 1,760 halafu 8,040. Zote zinagonga 9,800! Kwahiyo kwa hizo njia mbili mimi wala sihangaiki na kilomita, naangalia masaa ya kusubiri tranziti, maana kuna tiketi za bei chee zinakulaza kwenye viti vya eapoti masaa 14, ukijumlisha na chakula cha pale unakuta ile nafuu yote imeliwa.

Na foleni ya Nyerere Road haimo kwenye tiketi, uwe Terminal 3 masaa matatu kabla.